Jicho la Mbao

Kila anayepita karakana yangu huuliza habari za merikebu.
Mimi sikuijenga merikebu.
Waliijenga watu wa Svendborg, upande wa pili wa nchi,
kabla sijaota ndevu.
Ilipewa jina la binti wa tajiri;
tajiri akafilisika, binti akaolewa,
ikauzwa, ikapakwa rangi, ikabatizwa upya: Dorothea.
Mabaharia wa Fanø walinong'ona
kwamba chombo kilichobadilishwa jina
bahari huwa haikitambui.
Nilicheka. Nilikuwa na kazi yangu:
mashua moja, futi kumi na nane,
ya kuning'inizwa ubavuni,
kitu kisichotazamwa na yeyote hadi siku ya siku.

Mwaka ule baridi ilikaba bandari.
Mwaloni haukufika.
Nilipungukiwa ubao mmoja, mmoja tu,
nikachukua wa msonobari
wenye jicho karibu na ncha.
Nikalijaza lami, nikalipiga rangi nyeupe.
Nahodha Brinch akapitisha kiganja juu yake,
akasema, "Kazi safi, Thøgersen,"
akanilipa pesa zote.

Walipakia chumvi Kádiz kwenda Aislandi.
Watu saba, pamoja na Anker, mpishi wa miaka kumi na minne,
aliyeniazima kisu na hakukirudisha.

Mwezi Machi, magharibi ya visiwa vya Azori,
Wareno wa merikebu nyingine waliiona
ikienda kama mlevi anayeijua njia ya kwake.
Matanga mawili juu, usukani huru.
Waliita. Wakaita tena.
Walipopanda walikuta chumvi kavu,
kinu cha kahawa na buni nusu zimesagwa,
shati limeanikwa, limekauka na kulowa mara nyingi
hata mikono yake ikawa migumu kama ya mbao.
Na katika kizimba, kuku mmoja hai,
amekalia mayai tisa
ambayo hakuna aliyekuja kuyaokota.

Mashua haikuwepo.
Kamba zake hazikukatwa.
Zilifunguliwa, fundo baada ya fundo,
na mtu asiyekuwa na haraka.

Kule Ponta Delgada mahakimu walikaa siku kumi na mbili.
Mmoja alisema uasi, lakini pesa zilikuwa sandukuni.
Mmoja alisema moshi, lakini hapakuwa na masizi.
Mwenye bima alisema mengi, kwani alilipwa kwa maneno.
Kuku aliliwa kabla kesi haijaisha.

Kijijini kwetu hatukukaa matanga.
Matanga ya nani, na mwili hakuna?
Yale ya merikebu yalirudi kamili, yamekunjwa vizuri.
Maren Brinch alikuja karakanani, theluji mabegani,
akasimama kati ya vumbi la randa.
Hakuuliza kwa nini waliondoka.
Aliuliza, "Mashua ilikuwa imara?"
Nikasema, "Imara."
Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.
Kwa miaka kumi na sita alikuwa akinisalimu kanisani
kama mtu aliyemfanyia wema.

Dorothea ilipewa jina la tatu, ikabeba samaki wakavu.
Niliiona mara moja Esbjerg, imezeeka, inanuka.
Kulabu za ubavuni zilibeba mashua nyingine,
kazi ya fundi nisiyemjua.
Niliipapasa yote kwa vidole,
ubao kwa ubao,
mpaka mlinzi akanifukuza.

Wameandika juu ya ile iliyopatikana.
Wameipima, wameichora, wameijadili mezani.
Ile iliyowabeba watu, hakuna aliyeitafuta.
Huenda ilipasuliwa na wimbi, na mwaloni usingefaa kitu.
Huenda iliwavusha siku tatu, nne,
Anker akikata mkate kwa kisu changu,
kisha maji yakaanza kuchungulia
mahali nipajuapo.

Unataka kujua lilikuwa kubwa kiasi gani?
Lete mkono wako.
Kidole gumba.
Si chote, ukucha tu.